Tabora Farasi Hafiki

Jamani, hivi nani alituambia kwamba mwanaume wa maana lazima aje akiwa amekalia kitu? Kwenye hadithi tulizosoma utotoni alikuja juu ya farasi mweupe. Tulipokua tukambadilishia usafiri tu. Kuna miaka alitakiwa aje na Mark II, siku hizi ni Crown au Harrier, tena ya mkopo. Wazo ni lile lile: akiwa juu tutamwona, akiwa chini kwa miguu ni mpita njia.

Msidhani nawasema wanawake wenzangu peke yao. Wanaume nao wamelibeba wazo hili, na wengine limewaelemea mabega kuliko sisi. Na wapo dada zangu wenye vyeo na magari yao ambao nao wanataka waonekane kwanza, mapenzi baadaye.

Basi mwezi huu nimeamua kuwapa habari za wapanda farasi wa kweli, mabwana wakubwa wa enzi ambazo farasi ndiye alikuwa kipimo cha mtu. Halafu nitawapeleka Tabora, kwenye ile njia ya zamani ya misafara, ambako farasi alishindwa kazi kabisa. Nimefika huko, na tangu nirudi sijaacha kuwaza jinsi hadithi hizi mbili zinavyoongea na ndoa zetu.

BARONI NA URANUS

Takeichi Nishi alizaliwa Japani mwaka 1902. Alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa baroni mmoja tajiri aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo. Baba alifariki mwaka 1912, na kijana huyo, akiwa bado mtoto, akarithi cheo na mali. Hebu piga picha mwenyewe: jina anayo, pesa anayo, sura anayo, na alipokua akavaa magwanda ya ofisa wa kikosi cha wapanda farasi. Ukitaka mwanaume wa kwenye hadithi, ndiye huyo.

Mwaka 1930 akamnunua Italia farasi mmoja mkubwa, mgumu kumwendesha, aitwaye Uranus. Alimnunua kwa fedha zake mwenyewe. Miaka 2 baadaye wakaenda wote Los Angeles kwenye Olimpiki ya 1932, kwenye mchezo wa kuruka viunzi, na Nishi akachukua dhahabu. Hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 hakuna Mjapani mwingine aliyepata dhahabu katika michezo ya farasi. Hollywood ikampenda. Akawa anakula na kunywa na mastaa kama Douglas Fairbanks na Mary Pickford, na watu wakamwita Baroni Nishi kama vile ni jina la filamu.

Sasa kuna jambo la mashindano yale ambalo halisimuliwi sana, na mimi ndilo lililonishika. Pamoja na medali ya mtu mmoja mmoja, kulikuwa na medali za timu. Ili timu ihesabiwe, wapanda farasi wote 3 wa nchi moja walitakiwa wamalize njia. Unajua ni nchi ngapi zilifanikiwa? Hakuna hata moja. Huyu alimaliza, mwenzake akaishia njiani. Medali za timu za kuruka viunzi hazikutolewa kwa mtu yeyote. Yaani mabingwa walikuwepo, tena wa dunia, ila hakuna waliofika pamoja.

Nishi mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Olimpiki ya Berlin ya 1936 alianguka. Vita vilipokuja, jeshi lilikuwa limeshaacha farasi na kuchukua vifaru, naye akapelekwa kuongoza kikosi cha vifaru kwenye kisiwa cha Iwo Jima. Alipopata nafasi ya kurudi Tokyo mwaka 1944 alikwenda kumwona Uranus, farasi akiwa mzee sasa. Nishi alikufa kisiwani Machi 1945, na inasimuliwa kwamba Uranus naye alikufa mwezi huo huo.

Wapenda mapenzi mtatoa machozi hapa, na mimi nilikaribia. Lakini nilipomaliza kusoma habari zake nikashtuka kidogo. Nilikuwa najua mengi kuhusu farasi wake kuliko kuhusu mke wake. Na alikuwa na mke, tena na watoto. Ndivyo simulizi za mabwana wa farasi zilivyo: mwanaume, mnyama na kombe. Wengine wote wako jukwaani.

MCHEZO WA WENYE VYEO

Wala haikuwa Nishi peke yake. Michezo hii iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1900, ikarudi kwa nguvu Stockholm mwaka 1912, na kwa miaka mingi wanaoshindana walikuwa maofisa wa jeshi, wengi wao watoto wa koo kubwa za Ulaya. Askari wa kawaida hata kama anampanda farasi vizuri kuliko bosi wake, mlango ulikuwa umefungwa.

Sweden wanakumbuka. Mwaka 1948 jijini London timu yao ilishinda dhahabu kwenye mchezo wa kumchezesha farasi kwa hatua na madaha. Mmoja wao, Gehnäll Persson, kwa kweli alikuwa sajini. Jeshi lilimpandisha cheo ili apate kucheza, kisha likamshusha. Mwaka 1949 mambo yakajulikana na medali ya timu nzima ikafutwa. Siyo kwamba alicheza vibaya. Alikosa cheo tu. Baadaye kanuni zikalegezwa, na Helsinki mwaka 1952 Persson akarudi na wenzake wale wale wakashinda dhahabu tena. Mwaka huo huo wanawake waliruhusiwa kushindana na wanaume kwenye mchezo huo, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imemdhoofisha miguu, akachukua fedha.

Kwa hiyo kombe lilikuwa moja, lakini kabla ya kulifikia kulikuwa na swali: wewe ni nani, na umekalia nini? Shikeni swali hilo, tuingie nalo Tabora.

FARASI WAWILI WA KINGARU

Mtu mmoja alijaribu kuipanda njia ya Tabora kwa farasi. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa mtoto wa Wales aliyekulia kwenye nyumba ya kulelea maskini. Mtu aliyetoka chini kabisa, na hamu yake ya kuonekana bwana mkubwa ilikuwa haifichiki. Alipokuwa Zanzibar mwanzoni mwa 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alipewa farasi 2: mmoja wa Kiarabu kutoka kwa Sayyid Barghash mwenyewe, mwingine zawadi ya mfanyabiashara wa Kimarekani. Machi 21 akaondoka Bagamoyo, bwana mzima juu ya farasi, na misafara yake mitano ya watu karibu 200.

Hata hawakufika mbali. Kwenye kijiji cha Kingaru, bado upande wa pwani, farasi wa kwanza akafa. Stanley akampasua kutafuta sababu, akakuta minyoo tumboni, akaamuru azikwe. Haukupita muda, wa pili naye akafa.

Kilichofuata kinachekesha. Mkuu wa kijiji akaja na madai: umezika mnyama kwenye ardhi yangu bila ruhusa, toa nguo kama faini. Stanley akamjibu kwamba basi askari wake watamfukua na kumwacha juu pale pale alipofia. Mzee akaona harufu itakayobaki ni ya kwake, akanywea, farasi akabaki kaburini na wakapatana.

Hata kama minyoo ingewasamehe, mbele kulikuwa na mbung'o. Misitu ya miombo ya Unyamwezi ilikuwa yake, na ugonjwa anaoueneza unaua farasi bila kuuliza baba yake ni nani. Punda walivumilia kidogo zaidi, nao wengi walikufa njiani. Hata ng'ombe ilibidi wapitishwe kwa kuchagua. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni karibu kilomita 800, na kila mzigo uliopita pale, pembe kwenda pwani, nguo na shanga kwenda bara, ulipita juu ya bega la mtu.

Mabwana walioizoea njia hii walilijua hilo. Mirambo wa Urambo, aliyeitetemesha Tabora kuanzia mwaka huo huo wa 1871 hadi kifo chake mwaka 1884, Stanley mwenyewe alimfananisha na Napoleon. Sawa, lakini ni Napoleon ambaye vita vyake vilipiganwa kwa miguu.

BWANA MKUBWA WA NJIA

Sasa mtaniuliza, bila farasi, ukubwa ulionekanaje? Ulionekana sana tu. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 7, 1857, na Burton aliandika kwa kirefu alichokiona. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa kitambaa chekundu na kilemba cha manyoya au ngozi, bendera mbele na ngoma nyuma yake. Hakuna ruhusa kumpita. Ukimtangulia, mshale unachomolewa kwenye podo lako, unatunzwa, na jioni kambini unatozwa faini.

Mashindano pia yalikuwepo. Misafara miwili ya kirafiki ikikutana njiani, marangozi wawili walisogeleana kwa maringo, hatua na kusimama, hatua na kusimama, halafu ghafla wanainama na kupigana vichwa kama kondoo dume. Watu wao wote nao wanavamiana. Mgeni angedhani vita vimeanza, kumbe inaishia kwenye vicheko. Upande ulioshindwa unapisha njia na kutoa zawadi ndogo. Mnaona? Michezo ya kimataifa tulikuwa nayo, tena bila kiingilio.

Lakini kirangozi, pamoja na kilemba chake, alikuwa anakanyaga vumbi lile lile na wenzake. Akikimbia, mwenye pembe ya kilo 30 begani anabaki nyuma, na msafara uliokatika ni chakula cha wanyang'anyi. Kazi yake ilikuwa kufika na watu.

Na humo ndani wamo wanawake. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, na wengine na watoto. Mke alibeba vyungu na chakula, wakifika kambini anapika, na mara nyingi anabeba mzigo wa biashara wa kwake. Wazungu waliandika habari hizo kwa kupita tu, kwa sababu macho yao yalikuwa kwa mabwana. Mimi nilizisoma mara mbili.

Sitaki kuipaka njia hii sukari. Kulikuwa na waliotembea kwa ujira na fahari, na kulikuwa na waliotembea wakiwa wamefungwa minyororo, wametekwa, wakapelekwa kuuzwa. Mume na mke waliotenganishwa hapo hawakuonana tena. Ukipita Kwihara ukafurahia kivuli cha miembe, wakumbuke na hao. Kufika pamoja, kwa wengine, ilikuwa ni kitu walichonyang'anywa.

"NGOJA KWANZA NIKAE SAWA"

Nina rafiki, kaka mmoja mwenye kazi nzuri tu hapa mjini. Ana mchumba wa miaka 4. Kila nikimuuliza lini tunakula pilau, jibu ni moja: "Dada, ngoja kwanza nikae sawa." Kukaa sawa kwake ni gari. Mchumba hajawahi kumdai gari. Anachodai ni tarehe.

Nilipompa habari hizi za Tabora akanirukia. Akasema hata Wanyamwezi waliwangojesha wachumba wao. Na kwa kweli ana hoja. Alfred Swann, baharia wa misheni aliyefika Ziwa Tanganyika miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla hajabeba pembe hadi pwani na kurudi na nguo au waya wa shaba. Hiyo ndiyo ilikuwa muhuri wa utu uzima.

Nikamwambia, kaka yangu, soma vizuri. Kijana yule aliulizwa: unaweza kubeba nini, na unarudi? Hakuna aliyemuuliza amekalia nini. Safari yenyewe ilikuwa na mwisho, miezi kadhaa kwenda na kurudi, kijiji kizima kinajua ni msimu gani atatokea. Na akishaoa, safari inayofuata mke anaweza kuwa nyuma yake na chungu chake. Wewe safari yako ina mwisho lini? Na huyo binti umemwambia njia ina urefu gani, au amekaa jukwaani anakusubiri na kombe?

Alinyamaza. Nadhani alinichukia kidogo, ila hilo ni sawa, marafiki tuna kazi hiyo.

MZIGO JUU, SISI CHINI

Kwihara ni nje kidogo ya mji wa Tabora. Pale lipo tembe lililojengwa upya na kufanywa makumbusho ya Livingstone. Stanley alikaa Kwihara miezi 3 mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji, akarudi na Livingstone mwanzoni mwa 1872. Mwili wa mzee huyo nao ulipita huko baada ya kifo chake mwaka 1873, ukibebwa na Chuma, Susi na wenzao kwenda pwani. Msafara wa heshima kuliko yote niliyoisoma ya njia ile, nao ulikwenda kwa miguu.

Nikiwa huko nilikaa kivulini na bibi mmoja anayeuza asali, mumewe pembeni anatengeneza baiskeli. Nikawaamkia, tukaongea. Nikamtania bibi kwamba ujana wao bila shaka babu alikuwa anampakia nyuma ya baiskeli. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Anipakie wapi, mjukuu wangu? Baiskeli ilikuwa inapanda magunia. Mzigo juu, sisi chini. Yeye anashika usukani, mimi nasukuma nyuma."

"Hamkuchoka?"

Babu ndiye aliyejibu, macho bado kwenye mnyororo. "Kuchoka tulichoka. Ila nilikuwa nasikia akichoka, nasimama."

Sijasikia ushauri wa ndoa uliofupi kuliko huo. Ukiwa juu ya farasi humsikii anayetembea akihema. Ukiwa naye chini, mkono kwenye mzigo mmoja, unasikia.

KAENI CHINI WAWILI

Sisemi gari ni dhambi. Mimi mwenyewe mvua ikinyesha nashukuru kuwa nalo. Wala cheo si dhambi. Kuna wakati mmoja wenu atapanda: atapata masomo nje, atahamishiwa Dodoma na gari la ofisi, biashara yake itakubali. Hiyo ni heri. Hatari inaanza pale aliyepanda anapoanza kuhesabu umbali kwa kasi yake peke yake, na aliye chini anajifunza kupiga makofi. Nyumba za aina hiyo nazijua kadhaa. Nje ni Nishi na Uranus, picha safi. Ndani medali ya timu haipo.

Kwa hiyo wikiendi moja mwezi huu zimeni simu, mkae chini wawili, mfanye mambo 3.

La kwanza, kila mmoja ataje mzigo anaoubeba sasa hivi. Mikopo yote, ya benki na ile ya kwenye simu. Ada za wadogo zenu. Mama anayeumwa kijijini. Kikoba ambacho mwenzako hakijui. Kwenye msafara mzigo ulipimwa kwanza ndipo watu wakaanza kutembea, maana asiyejua uzito wa mwenzake atamlaumu kwa uvivu.

La pili, semeni mnakwenda wapi na mtafika lini. "Nikikaa sawa" si tarehe. Pwani ilikuwa na jina. Yenu nayo ipeni jina: kiwanja, mtoto, harusi ya watu 50, shahada ya mke. Halafu andikeni mwezi na mwaka.

La tatu, kubalianeni ishara ya kusimama. Mmoja akisema nimechoka, mwingine asimwulize mbona wenzako hawachoki. Asimame. Kambi ilikuwa sehemu ya safari, na waliolala kambini ndio walioona bahari.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mwaka ule ule mabwana wa Ulaya walipokuwa wakiruka viunzi Stockholm na farasi zao. Kazi ya wapagazi ikaanza kufifia, na leo ukitoka Dar unafika kwa basi ndani ya siku moja. Usafiri wa njia ile umebadilika mara nyingi. Swali la wawili wanaoipita halijabadilika: tukifika, tutakuwa wangapi?

Wapendanao wangu, safari njema. Tukutane mwezi ujao.